Opera ya Gwilym wa Sahani

5 Novemba

Nimeficha jambo moja tangu Januari ya mwaka 1974: hakuna chombo chochote kutoka angani kilichoanguka juu ya mlima wetu, Moel Garan. Mwanga ule mwekundu ulioingia magazetini, ukaandikiwa vitabu na watu wasiojua kuandika, ulikuwa taa yangu. Betri ya gari ndani ya mfuko wa turubai, taa mkononi, na kioo chekundu mbele yake, kwa kuwa sungura wa mlimani hashtuki akiona nyekundu. Mimi, Idwal Prydderch, mwalimu mkuu wa shule ya kijiji na mzee wa kanisa, nilikuwa naiba sungura kwenye ardhi ya bwana aliyekuwa pia mwenyekiti wa bodi ya shule yangu. Mdogo wangu Hefin alishika bunduki. Ghafla ardhi ikatetemeka, kama inavyotetemeka katika milima hii mara moja kwa umri wa mtu. Bonde zima likatoka nje na vijiko vya chakula mkononi, likatazama juu, likaona nyekundu. Mengine walijijazia wenyewe. Watu wetu hawajawahi kuona pengo wakaliacha wazi.

Daktari anasema "tutaona" kuhusu mapafu yangu. Nimewaandikia wazazi "tutaona" nyingi sana kuhusu watoto wao nisijue maana yake. Sitafika majira ya kondoo kuzaa.

Ninaandika kwa sababu jana alikuja kijana kutoka Cardiff, jina lake Osian, amejifunga skafu kubwa kama shuka la kitanda. Anatunga opera juu ya usiku ule: waimbaji wanne, wapigaji vyombo watano, ndogo kiasi cha kuingia kanisani kwetu, na ndiko itakakochezwa Januari.

"Bwana Prydderch," alisema, "haihusu chombo chenyewe. Inahusu kutokuwepo."

"Kutokuwepo kwa nini?"

"Kutokuwepo kwenyewe."

Nest, binti wa marehemu Hefin, anayenitunza tangu miguu ilipoanza kunisaliti, akamwuliza kama kutokuwepo huko kunatiwa sukari kwenye chai.

9 Novemba

Mvua.

10 Novemba

Mvua. Osian amepiga simu kuuliza mlima "unanukaje". Nikamwambia unanuka kondoo.

16 Novemba

Duka la posta limeanza kuuza biskuti za kijani zenye macho makubwa. Baba wa mwenye duka ndiye aliyekuwa akimwekea Gwilym, mkulima aliyesema alikamatwa na watu wa angani usiku ule, sahani tupu kwenye kaunta kila alipoingia kununua tumbaku, maana vyombo vya angani huchorwa kama sahani. "Bwana, umesahau usafiri wako." Watu walicheka mpaka machozi. Mwanawe leo ameandika dirishani kwamba tunajivunia urithi wetu. Ndivyo tulivyo: tunamcheka mtu mpaka kicheko kianze kuleta faida, kisha tunamwita urithi.

21 Novemba

Gwilym mwenyewe amekuja. Ameshuka kutoka shambani kwake Hafod Wen kwa trekta, na kofia mpya. Ana miaka sabini na minane na bado anavuta mguu wa kushoto, ule ulioachwa bila vidole viwili na baridi ya usiku ule.

"Mwalimu Mkuu! Bado unapumua?"

"Kwa ajili ya kukuudhi."

"Unafanikiwa. Umesikia? Nitaimbwa. Na mtu mzima wa Cardiff, kifua kama pipa. Nilimwambia mimi nilikuwa mwembamba, akasema sauti haina kiuno."

Nikamtazama anavyokula mkate wa zabibu wa Nest, makombo yakidondoka kifuani. Hadithi yake naijua kama Sala ya Bwana. Baada ya tetemeko alidhani ni ndege imeanguka. Wenzake walibaki milangoni wakinyoosha vidole; yeye alichukua blanketi na chupa ya chai akapanda peke yake. Aliona mwanga mwekundu chini kabisa, karibu na ardhi. Akauendea. Ukazimika. Kisha "kitu" kikamshika miguu yote miwili asiweze kusogea, mpaka polisi na mbwa wao walipomkuta kabla hapajapambazuka. Kitu hicho huitwa kinamasi. Mtoto wa darasa la pili angekitaja. Lakini Gwilym alikuwa na homa, na mwandishi wa gazeti alikuwa na haraka, na ikawa watu wa angani walimzuia. Kwetu mtu huitwa kwa shamba lake au kazi yake, maana majina ni machache kuliko watu. Tangu wiki ile hakuitwa tena Gwilym Hafod Wen. Aliitwa Gwil Sahani. Alikuwa amependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Nami nikasimama kwenye kikao nikasema, kwa upole mkubwa, kwamba kanisa linahitaji watu wenye akili tulivu.

Akapangusa makombo.

"Nina swali, Mwalimu. Kila mtu bondeni ameshasema lake. Wengine waliniita mlevi, wengine mwongo, na sasa wote waliuona mwanga, hata waliozaliwa mwaka themanini. Wewe hujawahi kusema neno. Uliuona?"

"Nilikuwa nasahihisha madaftari."

"Sikukuuliza ulikuwa ukifanya nini."

Kikohozi kiliniokoa. Nest akaja na dawa, akamfukuza kwa taulo la vyombo.

"Nitauliza tena," alisema mlangoni. "Kabla hujafa, tafadhali. Baadaye utakuwa na visingizio."

22 Novemba

Nikimwambia, namnyang'anya kitu pekee alichowahi kupewa na bonde hili, tena katika wiki hizi walizoanza kumvulia kofia. Nisipomwambia, ataniuliza hata nikiwa jenezani. Afadhali angeendelea kuwa kichekesho. Kichekesho hakidai majibu.

3 Desemba

Hakuna jambo. Supu.

8 Desemba

Osian ameniletea maneno ya opera niyasome, "kwa heshima ya lugha". Mwezi unaimba. Kinamasi kinaimba. Kuna Mama wa Mlima, ambaye kazi yake ni kurudia neno "labda". Nimesahihisha makosa ya lugha kwa kalamu nyekundu na kijana amenishukuru kwa macho ya ng'ombe aliyekamuliwa vizuri.

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao hakuutunga yeye. Ameuchukua kutoka kinywani mwa Gwilym kama ulivyo. Mtu amezama hadi mapajani, anaita gizani: *Kuna aliyeumia? Msiogope. Nina chai. Kuna aliyeumia?* Baada ya hapo Osian ameandika: kimya kirefu, kirefu kuliko watu watakavyovumilia.

"Hizo ndizo saa alizopoteza, kabla polisi hawajamkuta," alinieleza. "Ulimwengu haumjibu."

"Ulimwengu," nikasema.

"Umeguswa, Bwana Prydderch."

"Nina pumu."

15 Desemba

Theluji kidogo, imeyeyuka. Nest amekasirika kwa kuwa nimemwita Gwilym mpumbavu mbele ya mtu wa gesi.

"Baba mkubwa, kakukosea nini yule mzee?"

"Anaamini upuuzi."

"Wewe unaamini Yona alikaa tumboni mwa samaki."

"Yona hakuvaa kofia mpya."

Hakucheka. "Baba yangu," alisema, "hakumcheka Gwil hata siku moja. Sikuwahi kumsikia."

Nikamwambia supu imepoa.

25 Desemba

Kuku, viazi, ibada kwenye redio. Nimekuwa nikifikiria plygain.

Ni ibada yetu ya nyimbo za Krismasi, na huhama kanisa hadi kanisa mpaka mwisho wa Januari. Wageni huiona ya ajabu, nasi huwaona wao wa ajabu. Kasisi akishafungua kwa sala, hakuna atakayemwita mtu. Kunakuwa kimya. Kundi moja huinuka benchini, hutembea hadi mbele, kiongozi hugonga chuma cha kutafutia sauti, wanaimba bila kinanda, wanarudi kukaa. Kimya tena. Kundi jingine. Hakuna wimbo unaorudiwa usiku huo na hakuna anayepiga makofi. Afadhali upige mbinja kaburini. Na mwenzako wa kundi akiinuka, unainuka. Uwe na homa, uwe umegombana naye sokoni asubuhi, unainuka.

Sisi tulikuwa watatu: Hefin sauti ya kwanza, Gwilym ya tatu, mimi ya nne. Krismasi iliyofuata baada ya tetemeko, Gwilym aliinuka, akatembea kwa ule mguu wake mpya mbovu mpaka mbele. Hefin alibaki amekaa, uso kama chokaa. Nami nikabaki. Gwilym alisubiri kidogo akarudi. Baadaye aliniuliza kama Hefin anaona haya kusimama na Gwil Sahani. Nilimwambia: "Mwelewe. Ana familia." Hefin hakuimba tena hadi kufa.

7 Januari

Nest na mume wake wamenipeleka plygain kwa kiti cha magurudumu. Osian alikuwepo na vinasa sauti vitatu. Wimbo wa kwanza ulipoisha alipiga makofi. Peke yake. Ilikuwa kama mtu aliyeangusha ndoo ya mabati kwenye ngazi, asiweze kuizuia. Gwilym aligeuka akamkonyeza.

Gwilym hakuinuka. Huwa hainuki tangu Krismasi ile.

13 Januari

Usiku mbaya. Nest amelala kwenye kiti. Nimemwambia aende kwake, akasema nife kwanza.

19 Januari

Waimbaji wamefika, wamejaa nyumba ya wageni. Wanakunywa maji ya moto yenye limau na kuzungumza kwa kunong'ona kama wezi. Yule mwenye kifua cha pipa amepanda kwa Gwilym kujifunza kuchechemea. Gwilym amemfundisha mguu usio sahihi, makusudi, na amelieleza bonde zima.

24 Januari

Jana ndiyo ilikuwa siku. Nitaandika taratibu.

Kanisa lilijaa. Mbele walikaa wageni, wenye miwani mizito na makoti yasiyojua mvua. Nyuma walikaa watu wetu, wakinuka sabuni na mbwa. Kiti changu kiliwekwa pembeni, karibu na benchi la Gwilym. Alikuwa amevaa suti ya mazishi.

Sehemu ya kwanza ilistahili kila dharau niliyoiandaa. Waimbaji walivaa nguo za kung'aa kama nyama iliyofungwa kwa karatasi ya bati tayari kwa oveni. Mwezi uliimba. Mama wa Mlima alisema "labda" mpaka mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Basi amua, mama." Mpiga fidla alikwangua kitu nilichodhani ni hitilafu, kumbe ndilo tetemeko.

Kisha yule mnene akaingia kinamasini, yaani ndani ya kitambaa cheusi hadi mapajani, akaita. Bila vyombo. *Kuna aliyeumia? Msiogope. Nina chai.* Hakuimba vizuri kupita kiasi. Aliimba kama mtu mwenye baridi. Aliita mara nyingi kuliko nilivyokumbuka kusoma. Kila mara sauti ilikuwa chini zaidi kidogo. Kisha akanyamaza, na kile kimya kirefu kikaanza.

Osian alikuwa amewaza kila kitu isipokuwa mahali alipo. Huko Cardiff kimya ni kimya. Katika kanisa letu, mwezi wa Januari, kimya maana yake ni: nafasi iko wazi.

Gwilym akainuka.

Hakufanya mzaha na hakuchanganyikiwa. Alifanya kile ambacho miguu yetu yote huku nyuma ilitaka kufanya. Niliona wale ndugu watatu wa shamba la Blaen-nant, kundi jingine la plygain, nao wameshajiweka tayari kwenye ukingo wa benchi. Alitembea akichechemea mpaka mbele, akampita Mwezi, akamwambia, "Samahani, binti," akasimama kando ya kile kitambaa. Akatoa chuma mfukoni, akakigonga gotini, akakiweka sikioni. Halafu hakuanza. Aligeuka akanitazama.

Mwenzako akiinuka, unainuka. Hefin yuko makaburini nyuma ya ukuta ule. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na kila mtu angenisamehe. Lakini ninaweza kusimama. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetembea mwenyewe hadi chooni, umbali mrefu kuliko ule. Nilitazama magoti yangu.

Akaimba peke yake wimbo wa baba yangu na Hefin, ule tulioimba watatu. Sauti ya tatu bila ya kwanza wala ya nne ni kama ngazi iliyoegemezwa hewani. Aliimba beti zote. Palipokuwa na zamu yangu ya kujibu chini, alinyamaza kwa urefu unaotakiwa, kisha akaendelea.

Akarudi akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, hata wageni. Mtu wa kinamasini akamalizia opera kwa sauti ya kutetemeka ambayo haikuwa ya kuigiza.

Mwisho wageni waliruka juu na kushangilia. Watu wetu walikaa wametulia, mikono mapajani, kama wakaavyo siku zote kanisani. Osian akanijia machozi yakimtoka.

"Wameichukia."

"Hawajaichukia. Hawapigi makofi humu."

"Lakini hawasogei!"

"Wanasubiri kundi linalofuata, kijana."

25 Januari

Gazeti la Cardiff limesifu "uthubutu wa mtunzi" wa kumpandikiza mzee halisi katikati ya hadhira. Osian ameulizwa na hakukanusha. Nilitaka kumdharau kwa hilo, nikashindwa. Mtu kama mimi, aliyesifiwa miaka yote hii kwa busara ya kutosema lolote kuhusu Moel Garan hana pa kusimama.

Nimezihesabu dharau zangu za msimu huu kama mchungaji ahesabuvyo kondoo jioni. Zote zimerudi zizini, na zizi ni langu. Huyu niliyemwita mpumbavu alipanda mlima uliokuwa ukitetemeka, gizani, akiwa na blanketi, kuwatafuta watu asiowajua. Wenye akili tulivu walibaki milangoni. Mwenye akili tulivu kuliko wote alikuwa tayari huko juu.

Nimemwambia Nest amwite Gwilym kesho. Akauliza kwa nini. Nikasema ana swali alilolisahau hapa kwetu.

26 Januari

Amekuja kwa trekta. Hakuvaa ile kofia. Hakutania mlangoni.

"Hukuinuka," alisema.

"Sikuinuka."

"Nilijua una mapafu mabovu. Nilitaka tu ujue nilikungoja."

Nest alitaka kutoka. Nikamwambia akae, linamhusu. Akakaa kwenye sanduku la makaa. Nikasema kwa mkupuo, kama mtoto anayekariri kabla hajasahau: "Gwilym, uliniuliza kama niliuona mwanga. Ulikuwa mwanga wangu. Mimi na Hefin. Taa ya betri na kioo chekundu. Tulikuwa tunaiba sungura."

Nilijiandaa kwa hasira. Nilijiandaa kumsikia akilitetea lile dubwana lake la angani, au akiuliza atawaambia nini watu wa biskuti. Alikuna kidevu.

"Sungura hawashtushwi na nyekundu," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi ni mkulima, Idwal. Hilo ningepaswa kulifikiri." Hajawahi kuniita Idwal tangu utoto wake. Alitazama dirishani, mlimani, ingawa ukungu ulikuwa umeufunika wote. Mdomo wake ulikuwa ukisogea kidogo, kama mtu anayepita njia kichwani, hatua kwa hatua. "Ulizimika nilipovuka ule ukuta wa mawe."

"Niliuzima."

"Kwa hiyo hamkuwa upande wa pili wa kilele. Mlikuwa palepale."

"Palepale. Umbali wa kurusha jiwe."

"Nami nikaingia kinamasini."

"Ndiyo."

Nest alikuwa amesimama. Gwilym alinyoosha mkono wake bila kumtazama, kumwomba asubiri. Chombo cha angani hakikuwa na maana yoyote kwake. Nilikiona kikimtoka usoni kama vumbi linavyotoka kwenye koti. Kilichobaki kilikuwa kingine.

"Basi mlinisikia," alisema.

Jibu ninalo tangu mwaka ule, limesafishwa na kunyooshwa: upepo ulikuwa mkali, tulidhani ni kondoo, tulishuka upesi kwa njia ya nyuma. Lilikuwa tayari ulimini. Nikamtazama Nest, ana macho ya baba yake.

Nikawaambia wote wawili. Tulikusikia tangu mara ya kwanza. Ulikuwa unauliza kama tumeumia. Taa za polisi zilikuwa zimeanza kupanda barabara ya bondeni, nami nikafikiria shule yangu. Hefin aliinuka akuitikie; nikamvuta chini, nikamziba mdomo kwa kiganja, nikamkalia mgongoni mpaka sauti yako ilipokauka.